Ng'ombe Aliyeng'arishwa kwa Avokado

"Baba Eric, kama ng'ombe anakula nyasi peke yake, haya mafuta ya juu ya maziwa yanatoka wapi?"

Aliyeuliza ni Mokeira, mtoto wa Nyakundi wa boma la jirani, akiwa darasa la nne. Alikuwa ametumwa kuchukua maziwa ya chai, na badala ya kwenda zake akasimama mlangoni pa zizi akichungulia malai ndani ya kikombe cha bati.

Thadeus Omwenga alikuwa akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Hakugeuka.

"Yanatoka kwa nyasi. Wewe peleka maziwa kabla mama yako hajaanza kuita."

Mtoto akaenda, lakini swali likabaki zizini. Ubavu alioegemea ulikuwa umeota matuta. Angeweza kuhesabu mbavu kwa paji lake bila kutumia mkono. Ng'ombe yule alitoa maziwa kama chemchemi, na kila alivyozidi kuyatoa ndivyo alivyozidi kukonda, na Thadeus alitaka anone upesi, kwa sababu huyo hakuwa ng'ombe wa maziwa tu. Alikuwa ng'ombe wa Nyanchama.

Emily Nyanchama alikuja Gesima akiwa msichana, kutoka upande wa Ogembo, akiwa na mkoba mmoja na mimba ya Eric. Thadeus alisema ng'ombe watapelekwa baada ya mavuno ya chai. Chai ikachumwa, ikachumwa tena, bei ikapanda na kushuka, Eric akazaliwa, akasoma, akaenda kufanya kazi Nakuru, na chiombe, ng'ombe wa mahari, hawakuvuka mto kwenda kwa wakwe. Hapa kwetu mtu anaweza kuishi hivyo maisha yake yote na majirani wasiseme neno mbele yake. Wanamwita mkewe Mama Eric, wanakaa naye kanisani benchi moja. Lakini kuna mambo ambayo hayafanyiki. Baba yake Nyanchama, Mzee Abner, mzee wa kanisa la Sabato, hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya bintiye. Baba haingii, wala hali, kwenye nyumba ambayo haijamletea ng'ombe. Mjukuu wake Eric alimwona tu akipelekwa kwake. Chakula cha mkono wa bintiye hakukionja tangu siku alipoondoka na ule mkoba.

Nyanchama hakulalamika. Mara moja tu, babake, ambaye yeye humwita Tata, alipoanza kutembea na fimbo, alisema wakiwa shambani, mikono yake ikiendelea kuchuma:

"Nataka Tata akule kwangu mara moja. Mara moja tu. Hata kama ni ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga."

Thadeus alisikia. Akaendelea kuchuma naye, lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha.

Ndipo akampigia simu Mose, kaka yake Nyanchama. Mose hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka Ogembo na ulimi mkali, basi. Akasema: "Shemeji, tuanze na mmoja. Ng'ombe mmoja wa maziwa, anayeonekana. Hao wengine tutaongea tukiwa tumeshiba. Tutakuja kumwangalia Agosti, Jumapili, na mzee atakuja mwenyewe."

Kuangalia ng'ombe si maneno ya adabu tu. Wakwe hufika, humzunguka, humshika mgongo, humtazama meno na kiwele, na wasiporidhika humkataa. Amu yake Thadeus aliwahi kurudishiwa ng'ombe mkondefu. Alimswaga kutoka upande wa Keroka barabarani mchana kweupe, watoto wa shule wakimfuata nyuma wakiimba. Amu yule alizeeka, akafa, na hadi leo boma lake linaitwa "pale kwa ng'ombe aliyerudi."

Thadeus alizijua mbavu za ng'ombe wake, na alimjua Mose.

Juni hiyo, wakulima wakingoja lori kwenye kituo cha kuuzia majani chai, afisa wa mifugo aitwaye Marion alikuja kuwafundisha. Alikuwa msichana mwembamba mwenye gambuti za kijani, na sauti iliyowafikia hata waliokuwa nyuma.

"Nyasi yenu ya napia imekuwa ndefu kuliko mwenye shamba," alisema. "Hiyo ni ugali mtupu. Ng'ombe anashiba lakini hajengi mwili. Anataka protini."

"Kwa hivyo ng'ombe pia anataka mboga?" akauliza Nyakundi, babake Mokeira, na watu wakacheka.

"Anataka. Majani ya kaliandra na ya viazi vitamu, mashudu ya pamba, omena kidogo."

"Omena? Mimi mwenyewe ninaisikia harufu tu kwa jirani, sasa nimpikie ng'ombe?"

Marion alicheka nao, kisha akaeleza kwamba ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe mnaishi vijidudu visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyomeng'enya nyasi. Ukimlisha ng'ombe, kwa kweli unalisha vile vijidudu kwanza. Akasema mafuta nayo yana kazi yake, humpa nguvu na kumng'arisha ngozi, ila yawe kidogo sana. Yakizidi hufunika majani tumboni, vijidudu vikafa, na ng'ombe akafa njaa huku tumbo limejaa.

Thadeus alisikia yote hayo. Asije mtu akasema hakufundishwa. Lakini neno "kidogo" halina kipimo, na neno "kung'aa" lilimwingia moyoni likaketi.

Nyanchama naye alisikia, na akaanza siku iyo hiyo. Alikuwa na ua wa kaliandra aliopanda kuzuia udongo, akawa anakata matawi machanga na kuyachanganya na napia. Akanunua omena, wale dagaa wakavu, akaitwanga, akamlambisha ng'ombe kiganjani mpaka akaizoea. Ng'ombe akaanza kubadilika, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

"Agosti itafika akiwa bado na mbavu," Thadeus alisema.

"Acha haraka. Mwili si kibanda cha kuku, useme utajenga leo."

"Mose hataangalia haraka yangu. Ataangalia mgongo."

Sasa, anayetoka nje ya Kisii huenda hajui jambo moja kuhusu mbwa wetu. Msimu wa avokado, mbwa wa Gesima hubadilika kabisa. Mbwa aliyekuwa ngozi na mifupa hushinda chini ya miti akila matunda yaliyoanguka, na baada ya wiki chache ananenepa, manyoya yanameremeta, anatembea kama mwenye cheo. Hakuna anayemlisha. Ni mafuta ya avokado. Kila mtoto huku anajua hilo kabla hajajua kusoma. Na mwaka huo avokado za kienyeji zilikuwa nyingi mno. Wanunuzi wa Keroka walitaka zile za kisasa tu, hizi zetu zikaanguka na kuozea chini.

Siku moja Thadeus alimtazama mbwa wake kwa muda mrefu. Kisha akachukua ndoo.

Hakuwa mzembe. Alijua kokwa ya avokado humkaba ng'ombe kooni, basi alitoa kila kokwa kwa kisu, akaponda nyama ya tunda, akaichanganya na pumba, akaweka chumvi. Ng'ombe alilamba hori mpaka mbao zikabaki safi. Nyanchama alimkuta akiosha ndoo.

"Hiyo Marion alisema?"

"Alisema mafuta."

"Alisema kidogo."

"Ni kidogo," alisema Thadeus.

Na kwa siku za mwanzo ilikuwa kama muujiza. Ngozi ya ng'ombe ilianza kung'aa, nyeusi kama chungu kilichopakwa mafuta. Nyakundi alipita akasimama. "Omwenga, huyu ng'ombe umempaka mafuta ya nywele? Mpeleke kanisani tu, hapa zizini anajichafua." Thadeus alicheka, akaenda kumsugua mgongo kwa gunia. Usiku ule alilala usingizi mzito. Aliona Jumapili ya Agosti kana kwamba imeshafika: Mose akizunguka na kukosa la kusema, mzee akiingia mlangoni, Nyanchama akimnawisha mikono.

Kesho yake akaongeza ndoo ya pili.

Dalili zilikuja kimyakimya. Kinyesi kililegea, kikawa cha kijivu na chenye kuteleza. Ng'ombe akaacha kucheua. Alilala alasiri nzima na taya limetulia. Napia akaigeuzia pua. Thadeus akajiambia ameshiba mafuta, hahitaji nyasi. Huo ndio wakati vijana wa mradi wa kupandikiza miche walipofika kukata vichwa vya miti ya avokado ya kienyeji ili waipandikizie ile ya kisasa. Waliacha matawi mabichi yamejaa uwanja mzima. Ng'ombe aliyakazia macho kupitia mlango wa zizi, akanyoosha shingo. Thadeus, aliyekuwa amehangaika kwa kuona ng'ombe amekataa chakula, alifurahi. Alimbebea mzigo mzima. Ng'ombe akala majani yale kwa pupa, na mwenyewe akamsimamia akimwambia, "Kula, mama. Kula."

Nyanchama ndiye aliyegundua. Alienda kukamua asubuhi, akatoka bila maziwa.

"Kiwele kimekuwa kama jiwe. Njoo ushike."

Kilikuwa kigumu na cha moto. Kilichotoka kwenye chuchu ni maji ya manjano yenye vipande, kama maziwa lala yaliyoharibika. Ilipofika adhuhuri, chini ya taya na kidarini palikuwa pamevimba, ngozi imening'inia kama mfuko wa maji, na ng'ombe alihema akiwa amesimama tu.

Marion alifika kwa bodaboda, gambuti zile zile. Alimpima, akashika kiwele, akachomoa sindano.

"Mmekuwa mkimlisha nini?"

"Napia," alisema Thadeus. "Na kaliandra."

Marion akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Nyanchama alimtazama mumewe. Alingoja. Alimpa nafasi ya kutosha mtu kusema sentensi nzima, na sentensi haikuja.

"Amekula avokado," alisema Nyanchama. "Matunda kwa ndoo. Na tangu juzi, majani."

Mkono wa Marion ukasimama. "Majani mabichi?"

"Mzigo mzima."

"Mbwa wanakula," alisema Thadeus. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbwa wanakula na wananona. Tangu zamani."

"Mbwa ana tumbo moja, baba, na hali majani." Marion hakumkemea, afadhali angemkemea. "Yale mafuta yaliua vijidudu vya tumboni, ndiyo maana akakataa napia. Akabaki na njaa, akashika ulichompa. Majani ya avokado ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Anayekamuliwa humshika kwenye kiwele kwanza, halafu inaenda kwa moyo. Huu uvimbe wa kidari ni moyo."

"Dawa?"

"Nitamdunga ya kupunguza maumivu. Ya kutoa sumu sina, wala hakuna aliye nayo."

Marion alipoondoka, Thadeus alimgeukia mkewe. "Ulilazimika kunisema mbele ya mgeni?"

Nyanchama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa hori, mkono wake juu ya shingo ya ng'ombe. "Huyu si alikuwa wangu?" alisema. 

Ng'ombe alikufa Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya Jumapili ya wageni, umande ukiwa bado kwenye napia. Walimfukia kati ya migomba kwa sababu Marion alisema nyama isiliwe, na majirani waliosaidia kuchimba waliondoka wakipangusa majembe bila utani. Hata Nyakundi. Ndama wake dume, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa ameyanyonya maziwa yale mabaya. Naye hakumaliza mwezi.

"Mpigie Mose," alisema Nyanchama. "Mwambie wasije. Tata asisumbuke na hiyo barabara."

"Nitampigia."

Alichukua simu, akapanda mpaka juu ambapo mtandao hushika vizuri. Alilitafuta jina la Mose, akaliona, akalitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Alikiwasha. Kikazima tena. Angesema nini? Kwamba ng'ombe aliyengojwa miaka hii yote amemuua kwa mkono wake, kwa kumfuata mbwa? Aliporudi nyumbani Nyanchama alimuuliza kwa macho, naye akaitikia kwa kichwa. Kuitikia huko hakukuwa na maneno, ndiyo sababu aliweza.

Jumapili, kwa hiyo, Nyanchama hakupika. Alivaa gauni lake la kazi lililochanika begani, akafunga mfuko wa chai kiunoni, akaenda kuchuma. Alikuwa anarudi na mzigo mgongoni alipoona gari dogo jeupe limesimama langoni, na kando yake, juu ya kiti cha plastiki alichobeba kutoka kwao, ameketi Mzee Abner. Alikuwa amevaa koti na tai. Mkononi alikuwa na kamba mpya ya mkonge, ameikunja vizuri, ya kumfungia ng'ombe.

Nyanchama alisimama katikati ya njia. Akamtazama Thadeus, aliyekuwa amesimama mlangoni pa zizi na Mose.  Thadeus alitamani mkewe amtukane.

"Shemeji, yuko wapi?" Mose alikuwa akichungulia zizi tupu.

"Alikufa."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Na simu yako pia ilikufa Ijumaa?"

Thadeus alifunga mlango wa zizi tupu.

"Baba yangu ana presha," alisema Mose, polepole. "Ameamka saa kumi. Amenyoa ndevu. Njia nzima anatuambia leo atakula kwa Emily, mpaka dereva akachoka. Wewe ulikuwa unangoja nini, tufike tukuambie pole?"

Nyanchama alitua mzigo wa chai chini, akaingia nyumbani mbio. Alitoka na kikombe cha uji, kitu pekee kilichokuwa kimebaki kwenye chupa, akakipeleka langoni kwa mikono miwili, amepiga goti. Mzee alikipokea. Alikishika kwa muda, mvuke ukimpanda usoni. Kisha akakiweka kwenye nyasi kando ya kiti.

"Unanukia vizuri, mwanangu," alisema. "Nitakunywa siku ile ya ng'ombe."

Wakamsaidia kusimama. Kamba ilirudi naye.

Siku ile haikufika. Mzee Abner alifariki kabla ya mvua za masika. Kwenye mazishi Ogembo, wakwe walipoitwa mbele kutupa udongo, walitajwa mmoja baada ya mwingine, na jina la Omwenga halikutajwa. Alisimama karibu na ua pamoja na watu wa njiani. Alimwona Nyanchama kati ya dada zake, na alimwona akisikiliza ile orodha mpaka mwisho.

Baada ya mazishi Nyanchama alisema atabaki kidogo na mama yake. Hakuna aliyegombana. Hakubeba hata nguo zake. Kidogo kikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Eric alimpigia mama yake kila wiki na baba yake mara chache, akiuliza habari za mvua.

Thadeus alienda Ogembo mara moja. Alivaa koti, akapanga maneno njia nzima. Mose alimkaribisha kiti nje ya duka, akamnunulia soda, akamngoja aongee.

"Nimekuja kumchukua Mama Eric."

"Sawa," alisema Mose bila ukali wowote. "Kama nani?"

Thadeus akaishika chupa ya soda. Alikuwa na nywele nyeupe, shamba la chai na mtoto mtu mzima. Lakini mtu asiyetoa ng'ombe hana pa kusimama akidai mke. Nyanchama alikuwa nyuma ya duka akipima unga. Alitokeza, akamsalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni wa mbali, akauliza kama mgongo bado unamsumbua, akarudi kwa wateja. Soda ilibaki nusu.

Zizi lilianza kuinama upande. Hakufuga tena. Ua wa kaliandra, kwa kukosa mkataji, ulipanda juu ukawa msitu, na majirani wakaomba wajikatie.

Likizo moja Mokeira, sasa akiwa kidato cha tatu na mrefu kuliko babake, alikuja na panga kukata majani ya ng'ombe wao. Thadeus alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na ua, akimwonyesha matawi machanga. Msichana alikata, akafunga mzigo, akasita. Bado alikuwa yule yule, swali likimjia mdomoni halirudi.

"Baba Eric, samahani. Mama Eric atarudi lini?"

Thadeus alivunja kijiti cha kaliandra, akakipekecha kati ya vidole mpaka majani yote yakatoka.

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Uliniuliza mafuta ya maziwa yanatoka wapi."

"Mimi? Sikumbuki."

"Nilikwambia nyasi." Alitupa kijiti. "Yanatoka kwa ng'ombe mwenyewe. Kama chakula unachompa hakitoshi, hakunyimi. Anayatoa mwilini mwake anakupa, wewe unakunywa, unaona maziwa yapo, unadhani yuko sawa. Anakupa mpaka zibaki mbavu. Na hakuambii."